Sindano za kuhuisha viungo: kinachochomwa ni nini, na kinatibu nini

Mtu ambaye goti limemuuma kwa miaka kadhaa, aliyekwisha kumeza vidonge vya kutuliza maumivu mpaka tumbo likaanza kumsumbua, na ambaye bado hayuko tayari kuwekewa goti la bandia, husikiliza kwa makini anapoambiwa kwamba ipo sindano inayoamsha uwezo wa mwili wa kujitengeneza. Ahadi hiyo si uongo mtupu, wala si kweli tupu. Tatizo lake la kwanza ni kwamba chini ya jina moja la tiba ya kuhuisha tishu yamekusanywa mambo yasiyofanana hata kidogo: maji ya sukari, damu ya mgonjwa mwenyewe iliyochujwa, uboho uliotolewa nyongani, mafuta yaliyofyonzwa chini ya ngozi ya tumbo, na bidhaa zitokanazo na kondo la nyuma au kitovu cha mtoto mchanga. Kila moja ina nadharia yake, historia yake, hatari zake na ushahidi wake, na ushahidi wa moja hauwezi kuazimwa kuitetea nyingine. Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo ni kuchanganya maswali mawili yanayopaswa kuulizwa kila moja peke yake: je, maumivu yamepungua, na je, tishu iliyoharibika imeota upya?

Ili kuona kwa nini maswali hayo ni mawili, inafaa kuanza na kiungo chenyewe. Ncha za mifupa inayokutana gotini, nyongani au begani zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye kuteleza ambalo kwa sehemu kubwa ni maji yaliyoshikiliwa ndani ya mtandao wa nyuzi za kolajeni. Gegedu halina mishipa ya damu wala neva, na seli zake ni chache mno, kila moja ikiwa imefungiwa ndani ya kijishimo chake. Ngozi ikikatika, damu hufika, huganda, huleta seli za ulinzi na za ujenzi, na jeraha hufunga. Gegedu likichanika, hakuna damu ya kufika. Tabibu William Hunter aliueleza ukweli huo mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1743, aliposema kwamba gegedu likishaharibika halijirekebishi. Kwa watu wazima kauli hiyo bado inasimama kwa sehemu kubwa, na yeyote anayedai kwamba sindano moja imeipindua anadaiwa ushahidi mzito.

Ugonjwa unaowapeleka watu wengi kwenye sindano hizi ni osteoathraitisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi nao, na kwamba goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi, kwa watu wapatao milioni 365. Zamani ugonjwa huu ulielezwa kuwa ni uchakavu tu, yaani gegedu kulika hadi mifupa ikasuguana. Leo unafahamika kuwa ni ugonjwa wa kiungo kizima. Mfupa ulio chini ya gegedu hubadilika, utando wa ndani wa kiungo huvimba na kumwaga kemikali za uvimbe kwenye ute unaokilainisha, ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, hupoteza uimara, na misuli inayokizunguka hudhoofika kwa kukosa kutumiwa. Kwa kuwa gegedu halina neva, maumivu hayatoki ndani yake; yanatoka kwenye mfupa, kwenye utando na kwenye tishu nyingine zinazokizunguka kiungo. Ndiyo maana hukutwa mtu ambaye picha yake ya eksirei inaonyesha uharibifu mkubwa naye hana maumivu ya kutisha, na mwingine ambaye picha yake ni ya wastani naye hashuki ngazi bila kushika ukuta.

Jambo hilo lina matokeo makubwa kwa mada yetu. Dawa inayotuliza uvimbe wa utando inaweza kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa miezi kadhaa bila kuotesha hata unyuzi mmoja wa gegedu. Kupungua kwa maumivu ni faida halisi, na kwa mgonjwa ndiyo faida anayoitafuta. Lakini si ushahidi kwamba kiungo kimejengwa upya, na mgonjwa anayesema amepata nafuu hajathibitisha maelezo aliyopewa kuhusu namna nafuu hiyo ilivyopatikana.

Kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zina hali tofauti kidogo. Zina mishipa ya damu, ingawa michache, nazo huweza kujirekebisha polepole. Kano iliyochoshwa kwa kazi ya kurudiarudia, kwa mfano ile ya upande wa nje wa kiwiko au ile kubwa iliyo juu ya kisigino, mara nyingi haina uvimbe mkali kama watu wanavyodhani. Nyuzi zake za kolajeni zimevurugika, na mwili umeshindwa kukamilisha ukarabati ulioanza. Kwa nadharia, basi, kano ni mahali panapostahili zaidi kichocheo cha ukarabati kuliko gegedu lililokwisha. Nadharia, hata hivyo, hupimwa kwa majaribio, na tutaona kwamba hapa majaribio hayakuwa mapole.

Kabla ya kufika huko ni lazima kuitaja sindano ya zamani ambayo hizi mpya zinataka kushika nafasi yake, nayo ni steroidi. Inatuliza uvimbe haraka, mara nyingi ndani ya siku chache, na nafuu yake hudumu kwa wiki kadhaa. Udhaifu wake unaonekana inaporudiwarudiwa. Katika jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2017, wagonjwa 140 wenye osteoathraitisi ya goti walichomwa ama steroidi ama maji ya chumvi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa pungufu kwa kiwango cha maana kuliko ya wenzao. Kwenye kiwiko hali ni mbaya zaidi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 165, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 83 ya waliochomwa steroidi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa, ilhali kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa kiwango kilikuwa asilimia 96. Msomaji ayashike matokeo hayo ya kiwiko, kwa sababu tutayarudia.

Sindano kongwe zaidi miongoni mwa zile zinazoitwa za kuhuisha ni proloterapia, iliyoenezwa na daktari mpasuaji wa Marekani George Hackett katika miaka ya 1950. Siku hizi hufanywa zaidi kwa dekstrosi, yaani sukari iliyoyeyushwa, kwa kawaida katika ukolezi wa kati ya asilimia 12.5 na 25, inayochomwa mahali ligamenti au kano inaposhikana na mfupa, au ndani ya kiungo chenyewe. Wazo lake ni kwamba kuisumbua tishu kidogo kunauamsha ukarabati uliolala. Inashangaza, lakini tiba hii sahili ina majaribio machache yaliyoendeshwa vizuri. Mwaka 2013 jaribio la Marekani lililohusisha watu wazima 90 wenye osteoathraitisi ya goti lilionyesha kwamba waliopata dekstrosi walikuwa na nafuu zaidi baada ya wiki 52 kuliko waliopata maji ya chumvi au waliofanya mazoezi ya nyumbani pekee, na mwaka 2020 jaribio dogo zaidi la Hong Kong lilitoa matokeo yanayoelekea upande huohuo. Idadi ya washiriki ni ndogo mno kujengea hukumu, na namna inavyofanya kazi haijathibitika. Hata hivyo sioni sababu ya kuidharau. Ni rahisi kuitengeneza, viambato vyake vinajulikana, na mgonjwa anayechomwa dekstrosi anajua hasa amechomwa nini, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu baadhi ya bidhaa tutakazozitaja baadaye.

Sindano iliyoenea zaidi kuliko zote ni ile ya plazima yenye chembe sahani nyingi, ambayo madaktari huiita kwa kifupi PRP. Chembe sahani ni vipande vidogo vya seli vinavyosaidia damu kuganda. Mtu mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Ndani yake mna vifuko vilivyojaa vichocheo vya ukuaji, protini ambazo humwagwa mahali penye jeraha ili kuita seli za ukarabati, kuchochea mishipa mipya ya damu na kuongoza utengenezaji wa kolajeni. Fikra ya PRP ni kukusanya nguvu hiyo na kuipeleka mahali ambapo damu haifiki yenyewe. Damu ya mgonjwa huchukuliwa mkononi, kwa kawaida mililita chache hadi makumi, huwekwa katika mashine inayoizungusha kwa kasi hadi chembe nyekundu nzito zishuke chini na plazima ibaki juu, kisha sehemu yenye chembe sahani nyingi huvutwa kwenye bomba la sindano na kuchomwa kwenye kiungo au kano, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi. Wapasuaji wa moyo na wa taya waliitumia kabla ya kuingia kwenye michezo, na ilipata sifa duniani mwaka 2009, habari zilipoenea kwamba Hines Ward, mchezaji wa timu ya soka ya Kimarekani ya Pittsburgh Steelers, alitibiwa kwayo kabla ya fainali ya Super Bowl. Shirika la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, WADA, liliipiga marufuku mwaka 2010 ilipochomwa ndani ya msuli, kisha likaiondoa katika orodha hiyo mwaka 2011.

Jina PRP lenyewe linaficha tofauti kubwa. Maabara moja huzungusha damu mara moja, nyingine mara mbili. Moja hupata chembe sahani mara mbili ya kiwango cha kawaida cha damu, nyingine mara tano au zaidi. Moja huziacha chembe nyeupe za damu ndani ya mchanganyiko, nyingine huziondoa, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa chembe nyeupe huongeza uvimbe na wataalamu wengi wanaona hazifai ndani ya kiungo hata kama zinaweza kuvumilika kwenye kano. Damu ya mgonjwa yenyewe hubadilika kwa umri, maradhi na dawa anazotumia. Kwa hiyo wagonjwa wawili waliopata PRP wanaweza kuwa wamechomwa vitu viwili tofauti kabisa, na tafiti mbili zinazopingana zinaweza kuwa hazikupima kitu kimoja. Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa, na naamini ndipo utafiti ulipopaswa kuanzia badala ya kupitia miaka yote hii ya majaribio madogo ambayo hayakueleza hata idadi ya chembe sahani zilizochomwa.

Kwa goti, jaribio linalonukuliwa zaidi ni lile lililofanyika Sydney na Melbourne na kuchapishwa Novemba 2021. Watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wenye osteoathraitisi ya kiwango kidogo hadi cha wastani, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilichomwa PRP mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, na jingine maji ya chumvi kwa utaratibu uleule, bila mgonjwa kujua alichopata. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi, waliopata PRP walikuwa wameshuka kwa alama 2.1 na waliopata maji ya chumvi kwa alama 1.8, tofauti ambayo haina uzito wa kitakwimu. Gegedu lilipimwa kwa picha za MRI: lilipungua kwa asilimia 1.4 kwa kundi la kwanza na asilimia 1.2 kwa la pili. Hakuna ambaye gegedu lake liliota upya.

Watetezi wa PRP wamejibu kwamba kiwango cha chembe sahani katika jaribio hilo kilikuwa cha chini kuliko wanachokitumia wao, na kwamba dozi ingehesabiwa kwa mabilioni ya chembe sahani matokeo yangekuwa mengine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa yapo majaribio mengine, mengi yakiwa madogo, ambamo PRP iliipita asidi ya haialuroni, ile sindano ya kulainisha kiungo, kwa miezi sita hadi mwaka. Lakini hoja ya dozi inadai jambo moja kutoka kwa wanaoitoa: wahesabu chembe sahani wanazowachoma wagonjwa wao na wawaonyeshe. Daktari asiyepima alichokitengeneza hawezi kusema kwamba matokeo mabaya ya wengine hayamhusu.

Sasa turudi kwenye kiwiko. Mwaka 2010 jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa 100 lilionyesha kwamba PRP ilikuwa bora kuliko steroidi baada ya mwaka mmoja, na matokeo hayo yalisambaa sana. Ukiyaweka kando ya utafiti wa Australia tuliouona, ambamo steroidi ilishindwa hata na sindano isiyo na dawa, unaona kasoro: kuishinda tiba inayochelewesha kupona hakuthibitishi kwamba tiba yako inaponya. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 32 zenye washiriki 2,337, yalihitimisha kwamba kwa maumivu ya kiwiko sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe na za PRP huenda hazileti manufaa yenye maana kwa maumivu wala kwa utendaji wa mkono. Kwenye kano ya kisigino mambo ni hayohayo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 kwa wagonjwa 240 halikuona tofauti kati ya PRP na sindano ya kuigiza baada ya miezi sita.

Msomaji atauliza kwa haki: kama ni hivyo, mbona wapo watu wengi wanaosema sindano hizi ziliwasaidia? Wengi wao wanasema kweli. Waliochomwa maji ya chumvi kule Australia nao walipata nafuu ya karibu alama mbili kati ya kumi, na hawakuwa wakijidanganya. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka, na watu hutafuta sindano yakiwa yamepanda. Miezi mitatu baadaye yangeweza kushuka hata bila sindano. Zaidi ya hayo, kusikilizwa na daktari, kupimwa kwa altrasaundi na kungoja nafuu kwa matumaini hubadilisha namna ubongo unavyozichakata taarifa za maumivu, na badiliko hilo ni la kimwili kama lilivyo la fikra. Tena mgonjwa aliyechomwa huambiwa apumzishe kiungo kwa siku kadhaa kisha aanze mazoezi kwa mpangilio, na mazoezi hayo peke yake yana ushahidi wa kutuliza maumivu ya goti. Ndiyo sababu simulizi za waliopona, hata zikiwa elfu moja, haziwezi kujibu swali ambalo kundi moja linganishi hulijibu.

Hatua inayofuata ndiyo yenye ahadi kubwa na hatari kubwa: seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 1991 mwanasayansi wa Marekani Arnold Caplan aliziita seli fulani za uboho kwa jina lililodokeza kwamba zinaweza kugeuka kuwa mfupa, gegedu au mafuta, na ni kweli kwamba ndani ya chombo cha maabara, zikilishwa vichocheo sahihi, hufanya hivyo. Ndani ya goti la mtu hali ni nyingine. Seli zinazochomwa haziweki makazi kwa wingi. Nyingi hutoweka baada ya muda, na kinachoonekana kufanya kazi ni kemikali zinazotolewa na seli hizo, ambazo hutuliza uvimbe na kuzungumza na seli za jirani. Caplan mwenyewe mwaka 2017 aliandika akipendekeza jina la seli hizo libadilishwe, ili watu waache kuamini kwamba zinageuka kuwa tishu mpya ndani ya mgonjwa. Ni nadra kuona aliyekipa kitu jina akiomba jina hilo liachwe kwa ajili ya usalama wa wagonjwa, na tendo hilo linastahili heshima.

Kuna pia suala la hesabu. Uboho unaovutwa kutoka mfupa wa nyonga na kuzungushwa kwenye mashine una seli za namna hiyo chache sana, kiasi cha moja kati ya elfu kumi hadi moja kati ya laki moja ya seli zenye kiini. Kuuita mchanganyiko huo tiba ya seli shina ni kutaja kiambato kilicho kidogo kuliko vyote. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililolinganisha uboho uliokolezwa, seli zilizotolewa kwenye mafuta ya mgonjwa, seli za kitovu cha mtoto na steroidi ya kawaida kwa watu wapatao 475 wenye osteoathraitisi ya goti. Baada ya mwaka mmoja hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoipita steroidi katika kupunguza maumivu, na picha za MRI hazikuonyesha kujengeka upya kwa kiungo.

Historia ya Korea Kusini inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kusimamia bidhaa za seli hata pale palipo na taratibu kali. Mwaka 2017 nchi hiyo iliidhinisha sindano ya goti iitwayo Invossa, iliyoelezwa kuwa na seli za gegedu zilizobadilishwa vinasaba. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba sehemu ya seli hizo haikutokana na gegedu kamwe, bali na aina ya seli za maabara zenye asili ya figo, na idhini ikafutwa mwaka huohuo. Nchini Marekani, mamlaka inayosimamia chakula na dawa, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa matatizo ya mifupa na viungo, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa iliunga mkono msimamo wake kwamba seli zinazotenganishwa kutoka mafuta ya mgonjwa na kurudishwa mwilini zinahesabika kuwa dawa. Mwaka 2018 wataalamu wa afya ya umma wa nchi hiyo waliripoti wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona waliopata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Walilazwa hospitalini wakiwa wamekwenda kutafuta nafuu ya maumivu ya viungo na mgongo. Bidhaa za eksosomu, vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, zilifuata, na FDA ilitoa onyo la umma kuzihusu Desemba 2019.

Lazima niongeze kwamba kuotesha gegedu si ndoto tupu. Mwaka 1994 madaktari wa Uswidi walichapisha matokeo ya kuchukua seli za gegedu la mgonjwa, kuzikuza maabara na kuzirudisha kwa upasuaji kwenye shimo lililokuwa gotini, na njia hiyo imeendelezwa hadi bidhaa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Lakini angalia masharti yake: shimo lenye mipaka, kwa kawaida kwa mtu asiye mzee, seli zilizokuzwa kwa wiki kadhaa, na upasuaji wa kuzishikilia mahali pake. Hilo liko mbali sana na kuchoma sindano kwenye goti ambalo gegedu lake limekwisha upande mzima.

Miongozo ya wataalamu haiafikiani, na kutoafikiana huko kunaeleweka. Chuo cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilipinga vikali PRP na seli shina kwa osteoathraitisi ya goti na nyonga, kwa hoja kwamba bidhaa hizo hazina kipimo kimoja kinachojulikana. Akademia ya wapasuaji wa mifupa ya nchi hiyohiyo ilisema mwaka 2021 kwamba PRP inaweza kupunguza maumivu ya goti, huku ikikiri kwamba uzito wa ushahidi ni mdogo. Wa kwanza wanauliza kama tiba iko tayari kutolewa kwa kila mtu. Wa pili wanauliza kama ina dalili za kusaidia baadhi ya watu. Kwa maoni yangu, kwa mgonjwa mwenye ugonjwa wa goti wa kiwango kidogo au cha wastani, aliyekwisha kufanya mazoezi kwa uaminifu na kupunguza uzito pale ulipozidi, PRP ni jambo linaloweza kujaribiwa bila kudanganyana, mradi anaelewa kwamba ananunua uwezekano wa nafuu ya miezi kadhaa na si gegedu jipya. Kwa goti lililokwisha kabisa, kumpa matumaini hayo ni kumcheleweshea upasuaji unaofanya kazi. Seli shina nje ya jaribio la kitabibu lililosajiliwa sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Anayefikiria kuchomwa ana haki ya majibu ya wazi. Amwombe daktari amtajie ugonjwa wake kwa jina na tishu inayolengwa, kwa sababu sindano inayojadiliwa kwa goti haina uhusiano na mpasuko kamili wa kano ya bega. Aulize kitakachochomwa ni nini hasa, kimetengenezwaje, kina chembe sahani kiasi gani, kama chembe nyeupe zimo au zimeondolewa, na kama sindano itaongozwa na altrasaundi. Aulize pia watafanya nini isiposaidia. Daktari anayesema tiba yake inafaa goti, mgongo, kisukari na uzee kwa pamoja amekwisha kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Wapo wasiofaa kuchomwa: mwenye maambukizi mwilini au kwenye ngozi ya mahali pa sindano, mwenye saratani inayoendelea, mwenye kasoro ya chembe sahani, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichomwe kabla daktari aliyempa dawa hizo hajashauriwa. Kwa PRP, mgonjwa kwa kawaida huagizwa aache dawa za jamii ya ibuprofeni kwa takriban wiki moja kabla na kwa muda baada ya sindano, kwa kuwa zinazuia kazi ya chembe sahani. Lakini asprini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kiungo huweza kuuma zaidi kwa siku mbili tatu za mwanzo, na hilo ni la kawaida. Mazoezi ya kuimarisha misuli huanza polepole baada ya hapo na hayaachwi, maana msuli wa paja wenye nguvu huubeba mzigo ambao goti lingeubeba peke yake, na kila kilo moja ya uzito inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Kisicho cha kawaida ni kiungo kinachozidi kuvimba, kuwa chekundu na cha moto siku baada ya siku, maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, au homa na kutetemeka. Hizo ni dalili za usaha ndani ya kiungo, tatizo ambalo ni nadra baada ya sindano iliyofanywa kwa usafi lakini linaloweza kuliharibu gegedu ndani ya siku chache, na mwenye dalili hizo anapaswa kufika hospitalini siku ileile, aeleze alichomwa nini na lini, na asikubali kurudishwa nyumbani kabla majimaji ya kiungo hicho hayajavutwa na kupimwa.